Kolesteroli inaposhuka ghafla: maswali yenu kuhusu mafuta ya damu na maambukizi makali

Maswali ya kolesteroli yanayonifikia huwa ya moyo na kiharusi. Safari hii mengi yamekuja na jambo jingine: nimonia, sepsisi, wodi ya mahututi, na kwa nini mtu mmoja huugua homa siku mbili akainuka huku mwingine, kwa kimelea kilekile, akiishia kwenye mashine ya kupumulia. Nimechagua machache yaliyobeba ya wengi na kuyafupisha.

SWALI: Baba yangu amelazwa ICU kwa sepsisi iliyoanzia kwenye njia ya mkojo. Katika majibu ya damu niliona kolesteroli yake iko chini sana, na miaka yote alikuwa akiambiwa iko juu. Nikamwambia daktari, "Afadhali hilo limekaa sawa." Hakufurahi. Kwa nini?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Kolesteroli inayoshuka taratibu kwa dawa au kwa kubadili chakula ni habari moja. Inayoporomoka ndani ya siku mbili tatu za ugonjwa mkali ni habari nyingine kabisa, na daktari wako alikuwa anaiangalia hiyo ya pili.

Sepsisi, kwa maelezo yanayotumika tangu 2016, ni hali ambapo mwili unapambana na maambukizi kwa namna iliyovurugika mpaka viungo vyake wenyewe vinaanza kushindwa kazi. Makadirio yaliyochapishwa 2020 yanasema kwamba mwaka 2017 watu wapatao milioni 49 duniani waliipata na milioni 11 walifariki, yaani karibu kifo kimoja katika kila vitano vilivyotokea duniani mwaka huo.

Kolesteroli ni mafuta, haiyeyuki katika damu, kwa hiyo husafiri ndani ya chembe ndogo zilizoundwa kwa mafuta na protini. LDL huipeleka kwenye seli, HDL hukusanya iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Hapo ndipo maelezo ya kawaida huishia, na ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba chembe hizohizo ni sehemu ya kinga ya mwili.

Bakteria wengi wanaoshambulia njia ya mkojo wana utando wa nje wenye lipopolisakaridi, ambayo wengine huiita endotoksini. Sehemu yake inayodhuru, lipidi A, ni mafuta nayo. Seli za kinga zikikutana nayo ikiwa huru zinamwaga kemikali za uvimbe: mishipa inalegea na kuvuja, presha inashuka, damu inaanza kuganda ndani ya mishipa midogo kabisa, figo zinanyimwa damu. Lakini kwa kuwa ni mafuta, endotoksini hujichomeka kwa urahisi ndani ya HDL na LDL zinazopita. Ikishaingia humo ni kama nyoka aliyetiwa kapuni: hajafa, ila hapati pa kung'ata. Baadaye ini huinyonya kutoka kwenye damu na kuitoa kwa njia ya nyongo.

Sasa, katika sepsisi makapu yenyewe yanaadimika. Ini hupunguza kutengeneza apolipoprotini A-I, protini kuu ya HDL, kwa kuwa limeelekeza nguvu kwenye protini za dharura. Vimeng'enya vinavyoamshwa na uvimbe huivunja HDL iliyopo. Mishipa inavuja, na dripu nyingi zinaizimua damu. HDL inaweza kupungua kwa nusu au zaidi katika siku chache. Hata ile inayobaki si ileile ya zamani, maana protini iitwayo amiloidi A, ambayo katika maambukizi makali huweza kuongezeka hata mara 1,000, hukalia nafasi ya A-I na kubadilisha tabia ya chembe nzima. HDL yenye afya hubeba pia kemikali inayosaidia seli za kuta za mishipa zishikamane. Ikipungua, kuvuja kunazidi.

Halafu kuna tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo. Mtu akiwa mahututi anahitaji homoni ya kotisoli kwa wingi ili presha isimwangukie, na kotisoli hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Tezi hizo huichota kwa sehemu kubwa kutoka kwenye chembe zinazopita katika damu. Panya waliozaliwa bila kipokezi kiitwacho SR-BI, kinachopokea kolesteroli kutoka kwenye HDL, hufa kwa sepsisi kwa urahisi zaidi kuliko wenzao, na sababu mojawapo ni kwamba tezi zao haziwezi kupandisha kotisoli inapohitajika. Binadamu wachache wenye hitilafu katika jeni hiyohiyo nao wamekutwa na adrenali zisizo na nguvu kamili.

Utaniuliza: basi kushuka huko ndiko kunakomdhuru mgonjwa, au ni alama tu kwamba amezidiwa? Kwa maoni yangu sehemu kubwa ni alama, ila si yote. Kundi la watafiti wa Vancouver, Kanada, lilifuatilia wagonjwa wa sepsisi wenye umbo fulani la jeni ya CETP, protini inayohamisha kolesteroli kati ya HDL na chembe nyingine. Wenye umbo hilo HDL yao ilianguka zaidi kuliko ya wengine, na waliopona walikuwa wachache zaidi. Jeni mtu huzaliwa nayo kabla ya ugonjwa wowote, kwa hiyo si rahisi kusema ni ukali wa sepsisi ndio uliozaa tofauti hiyo.

Kwa baba yako, namba hiyo haitibiwi yenyewe. Antibayotiki, maji, dawa za kushikilia presha na kuondoa chanzo cha maambukizi ndizo kazi za sasa. Kolesteroli itapanda yenyewe akianza kupata nafuu, na ikianza kupanda ni jambo la kufurahia, hata kama miezi sita ijayo tutarudi kuigombeza.

SWALI: Mimi ni mfamasia. Kama HDL inanasa sumu ya bakteria, kwa nini mgonjwa wa sepsisi asitundikiwe HDL kwenye dripu tukamaliza kazi?

JIBU: Wazo hilo limejaribiwa, au tuseme binamu yake. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la mchanganyiko wa fosfolipidi, aina ya mafuta, uliotengenezwa makusudi ili unase endotoksini kwa wagonjwa wa sepsisi kali. Katika wanyama ulifanya vizuri. Katika binadamu haukupunguza vifo.

Sababu moja naiona kila siku wodini: mgonjwa anapofika, endotoksini imeshafanya kazi yake saa nyingi zilizopita. Seli zimeshaamka na kemikali zimeshamwagwa. Kunasa sumu wakati huo ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Sababu ya pili ni kwamba sepsisi si ugonjwa mmoja. Bakteria wengi hawana endotoksini hata kidogo, na virusi na fangasi nao husababisha sepsisi. HDL ya kutengeneza maabara bado inajaribiwa kwa makundi madogo ya wagonjwa. Mimi siifungii milango, lakini nikipewa nafasi ya kuchagua nini kifanyiwe kazi kwanza, ningechagua mgonjwa apewe antibayotiki sahihi ndani ya saa ya kwanza.

SWALI: HDL yangu iko juu sana, na daktari alinipongeza. Je, ina maana nimekingwa pia dhidi ya maambukizi?

JIBU: Hapana, na hongera hizo ningezipunguza kidogo.

Watafiti wa Copenhagen, Denmark, walifuatilia zaidi ya watu 90,000 wa kawaida mitaani, si wagonjwa, na mwaka 2018 wakachapisha walichokikuta. Waliokuwa na HDL ya chini kabisa, chini ya miligramu 31 kwa desilita (milimoli 0.8 kwa lita), walilazwa kwa maambukizi mara nyingi zaidi. Hilo lilitarajiwa. Lakini waliokuwa juu kabisa, zaidi ya miligramu 100 (milimoli 2.6), nao walikuwa na hatari iliyoongezeka. Waliokaa katikati ndio waliokuwa salama zaidi. Huenda HDL ya juu mno ni ya chembe kubwa zilizojaa zisizofanya kazi vizuri. Huenda pia nyuma yake kuna jambo jingine, kama pombe, ambayo hupandisha HDL na wakati huohuo kudhoofisha kinga.

Na kuna kisa cha torcetrapib ambacho kila anayependa namba za maabara anapaswa kukijua. Ilikuwa dawa ya kuzuia CETP, na ilipandisha HDL kwa asilimia 72 huku ikishusha LDL kwa asilimia 25. Ungetaka nini tena? Jaribio lake la watu 15,067 lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliomeza dawa hiyo walikufa wengi zaidi: 93 dhidi ya 59. Miongoni mwa vifo vya ziada vilikuwemo vya maambukizi. Dawa ilikuwa na madhara ya pembeni, ilipandisha presha na homoni ya aldosteroni, kwa hiyo hatuwezi kuisukumia HDL lawama zote. Lakini wagonjwa wale walikuwa na majibu mazuri ya maabara mpaka mwisho.

SWALI: Nameza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, mwaka wa nne sasa. Jirani ameniambia zinaua kinga na kwamba nikipata nimonia sitapona. Niache?

JIBU: Usiache. Jirani yako amekosea, na bahati nzuri hili tunalo kwa majaribio, si kwa kukisia. Majaribio ya statini yaliyohusisha maelfu ya watu yamejumlishwa pamoja kuangalia jambo hilihili, na waliomeza statini hawakupata maambukizi zaidi kuliko waliomeza vidonge bandia. Hawakupata machache pia. Hata watu walioshushwa LDL hadi chini ambako zamani tungeogopa hawakuonyesha tatizo hilo. Katika jaribio la evolocumab, sindano ya kushusha LDL, lililochapishwa 2017 na kuhusisha watu 27,564, nusu ya waliodungwa dawa hiyo walifika LDL ya miligramu 30 kwa desilita au chini ya hapo, na maambukizi hayakuongezeka.

Upande wa pili, kuna wanaoziona statini kama dawa ya sepsisi, na hao nao niwarudishe nyuma hatua moja. Tafiti za kuangalia kumbukumbu za hospitali zilionyesha kwamba waliokuwa wakitumia statini walipona sepsisi zaidi. Matumaini yakawa makubwa. Kisha yakaja majaribio halisi. Mwaka 2014 rosuvastatini ilijaribiwa kwa wagonjwa 745 ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kwa sababu ya sepsisi, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa hakukuwa na faida ya kutafuta. Mwaka huohuo simvastatini kwa wagonjwa 540 wa mapafu yaliyoshindwa nayo haikusaidia. Anayemeza statini kwa miaka mara nyingi ni mtu anayekwenda kliniki, anayepimwa, anayefuata maagizo. Mtu wa namna hiyo hupona zaidi kwa sababu nyingi ambazo hazimo ndani ya kidonge.

Kuna hatari moja ya kweli ambayo jirani hakuitaja, nayo ni kuchanganya dawa. Klarithromaisini na erithromaisini, ambazo huandikwa sana kwa nimonia, huzuia ini lisivunje simvastatini na atorvastatini. Statini inarundikana katika damu na misuli inaweza kuanza kuyeyuka, kisha uchafu wake ukaziba figo. Dawa kadhaa za fangasi, kama itrakonazoli, na ritonavia iliyomo kwenye baadhi ya dawa za virusi, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiugua, mwambie anayekuandikia dawa kwamba uko kwenye statini na uitaje kwa jina. Anaweza kukusimamishia siku chache au kuchagua antibayotiki nyingine. Ukipata maumivu ya misuli yasiyoelezeka na mkojo wa rangi ya chai kavu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nimesoma kwamba wazee wenye kolesteroli nyingi huishi zaidi na hawafi kwa maambukizi. Kama ni kweli, kwa nini mnatutisha na lehemu?

JIBU: Sehemu ya kwanza imeonekana kweli katika tafiti kadhaa za kufuatilia watu. Kasoro iko kwenye hitimisho.

Kolesteroli hushuka kimyakimya miaka kabla ya mtu kujulikana kuwa ni mgonjwa. Saratani huishusha. Kifua kikuu na VVU huishusha. Ini linalochoka huishusha, na utapiamlo wa uzeeni pia. Ukiwapanga wazee mia kwa kolesteroli, walio chini watakuwa na wengi ambao tayari wanaugua, hivyo watakufa mapema, na kwa maambukizi mara nyingi. Kolesteroli ya chini hapo haijawaua.

Lakini sitaki kulifunga swali lako kirahisi hivyo, kwa sababu lina kiini cha kuvutia. Kuna watu wanaozaliwa na LDL ya juu kwa sababu vipokezi vyao vya LDL ni vichache. Ni kama mtu mmoja katika kila 250 hadi 300, na wengi hawajui. Panya walioondolewa kabisa vipokezi hivyo waliwahi kupigwa endotoksini katika maabara za Uholanzi miaka ya 1990, na wakaistahimili kuliko panya wa kawaida, kwa kuwa damu yao ilikuwa imejaa LDL ya kuinasa. Mwaka 2001 watafiti wa hukohuko Uholanzi walichapisha vifo vya ukoo mmoja mkubwa wenye hitilafu hiyo, wakirudi nyuma karne mbili. Katika karne ya 19, wakati maambukizi ndiyo yaliyokuwa yakiua watu wengi, wanaukoo hao hawakufa zaidi ya wengine. Vifo vyao vilianza kuzidi baada ya 1915, maambukizi yalipoanza kupungua na maisha kubadilika. Watafiti wenyewe walidokeza kwamba huenda LDL nyingi iliwahi kuwa na faida.

Sasa angalia upande wa pili wa jambo hilohilo. Kuna protini iitwayo PCSK9, iliyogunduliwa 2003, ambayo kazi yake ni kuangamiza vipokezi vya LDL. Watu waliozaliwa na PCSK9 dhaifu wana vipokezi vingi na LDL ya chini. Kwa hoja ya panya wa Uholanzi, hao wangekufa haraka kwa sepsisi. Mwaka 2014 lile kundi la Vancouver likaripoti kinyume: wagonjwa wa namna hiyo walipona sepsisi zaidi, kwa kuwa ini lao lenye vipokezi vingi huondoa endotoksini kwa kasi. Tafiti nyingine kubwa za jeni zilizofuata hazikuiona faida hiyo, kwa hiyo mjadala bado uko mezani.

Mtu mwenye LDL nyingi ana pa kuinasia sumu. Mwenye vipokezi vingi ana pa kuitolea. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye karatasi yako ya maabara haitoshi kutabiri nani atazidiwa na maambukizi: inasema kiasi kilichopo, haisemi kinaingia na kutoka kwa kasi gani. Kwa moyo wako, hata hivyo, namba hiyo inasema mengi, na LDL ya juu inaziba mishipa bila kujali ilikuwa na faida gani kwa mababu wa Uholanzi.

SWALI: Basi nile mayai na siagi zaidi ili kinga ipande?

JIBU: Hapana. Ini lako ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili, na ukila nyingi, lenyewe hupunguza kutengeneza. Mayai ni chakula kizuri, yale kwa sababu hiyo. Anayetaka kupunguza uwezekano wa kufikia sepsisi apate chanjo za nimonia na mafua ikiwa umri au ugonjwa wake unamruhusu, adhibiti sukari, aache sigara, atibu vidonda mapema.

SWALI: Nasoma uuguzi mwaka wa tatu. Mwalimu alituambia vimelea vingine "hutumia" kolesteroli yetu. Wanaitumiaje?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, na swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote wiki hii.

Anza na bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae. Wanatoa sumu iitwayo nyumolisini. Sumu hii hutafuta kolesteroli kwenye utando wa seli na kuishika. Kisha molekuli zake 30 hadi 50 hujipanga duara na kuchimba tundu moja kubwa kwenye utando. Seli ya pafu inavuja na kufa. Utando usio na kolesteroli hautobolewi, na ndiyo sababu bakteria wenyewe, ambao hawana kolesteroli, hawadhuriki na silaha yao. Familia hii ya sumu ni kubwa: bakteria wa listeria wanayo ya kwao, streptokoki wa koo wanayo, na wa gangrini pia.

Watafiti wakaona: kama sumu inapenda kolesteroli, tuiwekee chambo. Vilitengenezwa vitone vidogo vya mafuta vilivyojaa kolesteroli kuliko seli yoyote, sumu ivifuate hivyo iache mapafu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kwanza kwa binadamu, wagonjwa 19 wa nimonia kali huko Ufaransa na Ubelgiji. Lilikuwa jaribio la kuangalia usalama tu, na usalama ulionekana. Kwa tiba yenyewe idadi hiyo haitoshi kusema lolote.

Mwili nao una mbinu ya aina hiyo, na ni ya zamani kuliko maabara zote. Seli za kinga zinapohisi maambukizi, kemikali ya tahadhari iitwayo interferoni huamsha kimeng'enya kinachobadilisha kolesteroli kuwa hidroksikolesteroli 25. Hii husambaa kwa seli jirani na kuzifanya ziondoe kolesteroli iliyo wazi kwenye utando wao na kuificha ndani kama akiba. Sumu inakuja haikuti pa kushika. Virusi vingi vyenye utando wa mafuta, vikiwemo vya korona ya 2019 kwa majaribio ya maabara, hushindwa kuungana na seli ya namna hiyo.

Bakteria wa kifua kikuu ana tabia nyingine. Yeye huishi ndani ya makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kummeza na kumuua. Humo chakula ni haba, kwa hiyo hula kolesteroli ya mwenyeji wake. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba ana mfumo maalumu wa kuivuta ndani, uitwao Mce4, na kwamba akinyang'anywa mfumo huo hashindwi kuambukiza panya bali hushindwa kudumu ndani yao. Kudumu ndiko kunakofanya kifua kikuu kiwe kifua kikuu.

Na Ebola. Kuna ugonjwa nadra wa kurithi uitwao Niemann-Pick aina ya C, ambapo protini ya NPC1, inayotoa kolesteroli kwenye vifuko vya umeng'enyaji ndani ya seli, haifanyi kazi. Kolesteroli inakwama humo na watoto hupoteza taratibu uwezo wa kutembea, kumeza na kukumbuka. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba kirusi cha Ebola hakiwezi kuingia bila NPC1. Humezwa na seli, huchongwa na vimeng'enya ndani ya kifuko, kisha hujishikiza kwenye NPC1 na kupenya. Seli zilizotolewa kwa wagonjwa wa Niemann-Pick C haziambukizwi Ebola. Kirusi hakikuitaka kolesteroli yenyewe, kilitaka mlango inakopitia.

SWALI: Je, ni kweli HDL inaweza kuua kimelea moja kwa moja, au ni kunasa sumu tu?

JIBU: Kuna kimoja inachokiua waziwazi, na ni cha kwetu Afrika. Mbung'o hueneza kimelea cha damu kiitwacho trypanosoma. Aina moja, Trypanosoma brucei brucei, huangusha ng'ombe kwa nagana lakini humkosa binadamu, hata akiumwa na mbung'o mara ngapi. Sababu imo ndani ya sehemu ya chembe za HDL za binadamu, nazo hubeba protini iitwayo APOL1. Kimelea hukimeza kifurushi chote kikidhani ni chakula, kwa kuwa nacho kinahitaji mafuta ya damu. Ndani ya kimelea APOL1 hutoboa utando, maji yanajaa, kimelea kinapasuka. Mwaka 2003 ndipo ilipothibitishwa kuwa APOL1 ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Malale ya binadamu yapo kwa sababu aina mbili za kimelea zilipata njia ya kukwepa. Ile ya mashariki na kusini mwa Afrika, rhodesiense, hutengeneza protini inayoishika APOL1 isifanye kazi. Nao binadamu wakajibu: baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, hasa magharibi, wana APOL1 ya umbo tofauti, liitwalo G1 au G2, na hilo la G2 huponyoka mtego wa rhodesiense. Mwaka 2010 ikajulikana gharama yake. Anayerithi maumbo hayo ya G1 au G2 kwa baba na kwa mama pia ana hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa. Ukoo wako ukiwa na wagonjwa kadhaa wa figo wasio na kisukari, mtajie daktari wa figo.

SWALI: Nilitoka hospitali wiki iliyopita baada ya nimonia. Nina miadi ya kupima kolesteroli kesho. Niende?

JIBU: Ahirisha. Baada ya maambukizi makali LDL na HDL huwa chini kuliko kawaida yako, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, huwa juu, kwa kuwa ini hutoa mafuta mengi zaidi na kimeng'enya cha kuyavunja hulegea. Ukipima kesho unaweza kuambiwa LDL yako ni nzuri na kupunguziwa dawa unayoihitaji, au kuambiwa trigliseridi ni mbaya na kuanzishiwa usiyoihitaji. Baada ya mafua ya kawaida subiri wiki tatu au nne. Baada ya nimonia ya kulazwa, miezi miwili hadi mitatu ni salama zaidi. Ikiwa ulikuwa unameza statini kabla ya kulazwa na ilisimamishwa wodini, hilo usilisubirishe: piga simu kliniki leo uulize lini unairudia, maana mara nyingi hakuna anayekumbuka kuiandika tena kwenye karatasi ya ruhusa.